Silikoni si gasketi

Ukitazama pikipiki zinazosubiri kuvushwa mto Lualaba hapa Kindu kwenda Alunguli, angalia upande wa kulia wa injini, pale shafti ya kiki inapotokea. Kwenye nyingi utakuta uzi wa silikoni, mwekundu au wa kijivu, umetokeza pembezoni mwa kifuniko cha klachi, na juu yake tope lililoshikamana na mafuta. Mwenyewe atakueleza kwamba ilikuwa ikivuja, fundi akaiziba. Muulize kama imeacha kuvuja. Atacheka.

Makala haya ni ya mtu anayetaka kuifanya kazi hiyo mwenyewe, uani kwake, kwa spana chache na mchana mmoja usio na mvua. Kubadilisha gasketi ya kifuniko cha klachi si kazi ngumu. Huishushi injini, hugusi pistoni, huhitaji umeme. Kinachotakiwa ni usafi na subira, na hapo ndipo gereji za kando ya barabara zinaposhindwa, hata zile zenye mafundi wanaoijua kazi. Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, amemsimamia fundi kichwani, anahesabu saa, na jioni anadaiwa verseman, yale malipo ya kila siku kwa mwenye pikipiki. "Papa, tia tu silikoni, niende kazi." Fundi anatia. Mwenye pikipiki anayedai verseman kamili siku ya matengenezo ndiye anayeinunua silikoni ile, hata kama hakutoa pesa yake.

Kichekesho ni kwamba silikoni inataka muda mrefu kuliko gasketi. Soma maandishi ya kwenye tyubu: nyingi zinahitaji karibu saa 24 ndipo zikauke sawasawa. Pikipiki inayowashwa baada ya nusu saa inairushia silikoni mbichi mafuta ya moto, halafu tunashangaa kwa nini inavuja kesho yake. Gasketi ya karatasi haisubiri kukauka. Ukishakaza bolti na kujaza mafuta, unawasha.

Na ubaya wenyewe haukomei kwenye kuvuja. Kifuniko kinapobanwa, silikoni hukimbilia pande zote mbili. Kiasi unachokiona kimetokeza nje, kiasi kama hicho kinaning'inia ndani usikokuona. Joto na mafuta hukikata kidogo kidogo, vipande vikasafiri hadi kwenye chujio la chini, ule wavu mdogo ambao pampu huvuta mafuta kupitia kwake, vikauziba. Pikipiki itaendelea kutembea na klachi itashika vizuri, huku juu kwenye kichwa cha injini mafuta yakizidi kupungua. Kwenye TVS HLX na Bajaj Boxer, ambazo kemshafti yake iko huko juu, huko ndiko kunakokauka kwanza. Utasikia vali zinagonga, utaambiwa uzirekebishe, utazirekebisha, na mlio utarudi. Hakuna atakayekumbuka tyubu ya silikoni ya miezi mitatu iliyopita.

Zile za Kichina zenye fito za kusukumia vali hustahimili zaidi, maana mchoro wake ni wa Honda CG125 ya mwaka 1976, pikipiki iliyoundwa makusudi kwa ajili ya nchi ambako watu huchelewa kubadilisha mafuta. Lakini kustahimili ni kuchelewa kufa tu. Chujio lililoziba ni chujio lililoziba.

Sasa tuje kwenye kazi. Kabla ya kushika spana, hakikisha kwamba kinachovuja ni gasketi kweli. Mafuta yakitoka mahali pamoja, upepo huyatawanya nyuma na chini, mpaka injini nzima inaonekana inalia. Osha upande wa kulia kwa petroli na brashi, malizia kwa maji ya sabuni, acha pakauke kabisa. Kisha pulizia poda ya mtoto kuzunguka kifuniko chote. Kama poda haipo, unga wa muhogo uliochekechwa vizuri unafanya kazi ileile. Mama mwenye unga atalalamika, lakini ni kijiko kimoja. Zunguka mtaani dakika kumi, rudi, chuchumaa utazame. Mafuta yatakuwa yamechora njia nyeusi kwenye weupe, na mwanzo wa njia hiyo ndio ugonjwa.

Njia ikianzia kwenye mshono wa kifuniko, ni gasketi. Ikianzia pale shafti ya kiki inapotokeza, ni sili ya kiki, mpira mdogo wa mviringo, na mara nyingi unaweza kuitoa na kuweka nyingine bila kufungua kifuniko. Ikianzia juu, kwenye mkono unaovutwa na waya wa klachi, ni sili ya mkono huo. Ikianzia chini kabisa, tazama bolti ya kumwagia mafuta na washa yake kabla ya kumlaumu mwingine yeyote.

Kuna sababu ya tano, nayo ndiyo inayosahauliwa. Kila injini ina mpira wa kupumulia, bomba jembamba linalotoka juu ya kasha na kutoa hewa inayosukumwa na pistoni. Likiziba, hewa hiyo hutafuta mlango mwingine, nao ni gasketi. Tope la njia ya Kalima linaziba bomba hili. Nyigu wa udongo nao hulijengea nyumba pikipiki ikikaa wiki chache bila kutumika. Ling'oe, lipulize kwa mdomo. Kama hewa haipiti, umempata mhalifu, na ukibadilisha gasketi bila kulizibua, gasketi mpya nayo itavuja. Mafuta yaliyojazwa kupita alama ya juu huleta matatizo yaleyale.

Ukishathibitisha, usifungue chochote mpaka gasketi iwe mkononi. Kwa Kindu sheria hii haina mjadala. Vipuri vyetu vinatoka mbali: vingine hufika kwa treni ya SNCC kutoka kusini, vingine kwa ndege ya Kinshasa, vingine vimefungwa nyuma ya pikipiki inayotoka Kisangani kupitia Lubutu. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, njia iliyokuwa fupi kwa vitu vingi ilikatika. Injini iliyoachwa wazi uani ikisubiri karatasi ya gasketi huingia vumbi, mchanga na mende, na mtoto mmoja akitia jiwe dogo kwa udadisi, umeshanunua injini nyingine. Dukani usiseme "ya TVS" tu. HLX 100, 125 na 150 si kitu kimoja, wala Boxer 100 na 150. Hesabu bolti za kifuniko kabla hujatoka nyumbani, piga picha kwa simu, ulinganishe umbo na idadi ya matundu pale pale kaunta. Mwuzaji akikuuliza unataka joint ya karteri, yaani gasketi ya kifuniko, ya upande gani, mjibu upande wa ambreyaje, yaani klachi. Nunua pia sili ya kiki. Ni kitu kidogo, na ukiwa umeshafika huko ni uvivu kuiacha ya zamani.

Vifaa ni vichache: spana ya namba 8 na 10, nyingine ya kutosha bolti ya kiki, nyundo na kipande cha ubao, wembe, matambara safi mengi, karai. Petroli ya kusafishia inaweza kuwa hata ile ya chupa ya kando ya barabara usiyoiamini kwa kabureta. Fanya kazi mbali na jiko la makaa na mbali na anayevuta sigara.

Mafuta ya injini utayafanya nini? Kama muda wake umekwisha, yamwage na upange kuweka mapya. Kama uliyabadilisha juzi, yamwagie kwenye karai lililooshwa na kukaushwa, yafunike, uyarudishe baadaye kwa kuyachuja na kitambaa kisichotoa nyuzi. Wapo wanaoilaza pikipiki upande wa kushoto juu ya tairi kuukuu ili mafuta yakimbilie huko na kifuniko kifunguke bila kumwaga. Inawezekana, ila funga bomba la petroli, toa betri kama ni ya maji, na ujue kwamba kabureta itamwaga ilichonacho. Mimi napendelea kumwaga. Pikipiki iliyosimama imara huiangushi ukiwa umeshika kifuniko kwa mkono mmoja.

Toa kiki, lakini kwanza piga alama kwa msumari kwenye shafti na kwenye kiki ili irudi kwenye jino lake lilelile. Legeza waya wa klachi, uutoe kwenye mkono wake. Kwenye baadhi ya pikipiki pedali ya breki au ekzosi inaziba njia. Vitoe badala ya kupambana navyo.

Kisha chukua katoni, chora umbo la kifuniko kwa kalamu, na toboa tundu kila mahali penye bolti. Kila bolti unayoitoa, ichomeke kwenye tundu lake. Hatua hii inaonekana ya kitoto, na ndiyo inayookoa makasha mengi kuliko nyingine yoyote. Bolti za kifuniko cha klachi hazilingani urefu. Ukiweka ndefu kwenye tundu fupi, ncha itagota chini kabla kichwa hakijabana. Utazidi kukaza ukidhani haijafika, na alumini itapasuka. Ukiweka fupi kwenye tundu refu, itashika nyuzi mbili tatu tu, na siku ya kwanza ya joto itazing'oa. Pikipiki zilizopita mikononi mwa mafundi wengi tayari zina bolti zilizohamahama, kwa hiyo angalia: bolti zikiwa zimekaa sawa bila kukazwa, vichwa vyake vyote vinapaswa kutokeza kwa kimo kimoja juu ya kifuniko. Inayotokeza kupita wenzake au kuzama kuliko wenzake si ya hapo.

Zilegeze kwa kuruka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kila moja nusu mzunguko kwanza. Inayokataa, weka kipande cha chuma juu ya kichwa chake na ukipige nyundo mara mbili za maana kabla ya kujaribu tena. Mtikisiko huachia kutu kuliko nguvu ya mkono. Zikishatoka zote, kifuniko kitabaki kimeng'ang'ania. Weka ubao ubavuni na ugonge taratibu, huku na huku. Usichomeke bisibisi kwenye mshono hata siku moja. Alama moja ya bisibisi kwenye uso wa alumini ni mfereji ambao gasketi ya karatasi haiwezi kuuziba, na hapo ndipo watu wanaporudi kwenye silikoni.

Kinapoanza kuachia, kishike kwa mikono yote miwili, ukivute taratibu, huku ukitazama ndani. Kwenye shafti ya kiki mara nyingi kuna washa ambayo mafuta huigandisha kwenye kifuniko, halafu inadondoka. Katikati ya klachi kunaweza kuwa na beringi ndogo na kisukumio chake, navyo hutoka kirahisi. Kuna pia vijibomba viwili vya chuma, vifupi, vinavyolengesha kifuniko na kasha. Kimoja hubaki huku, kingine kule. Vitu hivi vyote viwe kwenye sahani moja. Ukimaliza kufunga na washa imebaki sahanini, hufanyi ubishi, unafungua tena.

Sasa umefika kwenye sehemu inayokula muda, na usiionee huruma saa: kukwangua gasketi ya zamani. Kwanza jaza matambara ndani ya injini, kila nafasi, ili vumbi la karatasi na silikoni lisiangukie kwenye meno ya gia. Lowesha mabaki kwa petroli, yaache dakika chache yalainike. Wembe ulazwe karibu kabisa na uso wa chuma na usukumwe polepole, ukiusimamisha, unachimba. Alumini ni laini, inachubuka kwa kitu usichokidhania. Kwenye kona ambazo wembe haufiki, chonga kijiti cha mwanzi kama patasi. Silikoni ya zamani usiikwangue tu, ishike ncha yake uivute nzima, na ufuatilie mkia wake ndani ya matundu ya bolti, kwa sababu silikoni iliyobaki tunduni hufanya bolti ionekane imebana wakati haijabana. Maliza kwa kitambaa chenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ile ya acetone. Kisha fumba macho, pitisha kidole mzunguko mzima, kwenye kasha na kwenye kifuniko. Kidole huona ambacho jicho limeshachoka kukiona. Penye mkwaruzo au uvimbe mdogo, rudi.

Kifuniko chenyewe kikague dhidi ya mwanga. Pikipiki zetu huanguka sana upande huu, kwenye madaraja ya magogo na kwenye mitumbwi, na ufa mwembamba chini ya kiki unaweza kuvujisha mafuta yanayofanana kabisa na ya gasketi. Ufa mdogo ukisafishwa hadi chuma king'ae, ukapakwa gundi ya chuma ya tyubu mbili upande wa ndani na ukaachwa ukauke sawasawa, hudumu muda mrefu. Ufa unaopita kwenye tundu la bolti unataka kifuniko kingine.

Ukiwa humo ndani, tazama mambo mawili tu, usije ukaanza kufungua kila kinachofunguka. La kwanza ni chujio. Kwenye injini nyingi za aina ya CG liko chini, linavutwa kama droo. Litoe, lioshe, ulimulike. Ukikuta nyuzi nyekundu za silikoni zimejisokota kwenye wavu, sasa unajua ninachosema. Injini hizo pia zina chujio la duara kwenye ncha ya krankshafti, linalokusanya uchafu kwa kuzunguka kwa kasi. Lifungue skrubu zake, ukwangue ule ugoro mweusi ulioganda ndani, ulifunge. La pili ni diski za klachi, kama pikipiki imekuwa ikipiga kelele bila kukimbia. Diski mpya huwa na unene wa karibu milimita 3, na zikishuka hadi 2.6 hivi zimekwisha. Fuata kitabu cha pikipiki yako. Ukiweka mpya, ziloweke kwanza kwenye mafuta ya injini. Kama klachi haikuwa na shida, iache ilivyo.

Ikitokea kwamba gasketi haipatikani mjini kabisa, itengeneze. Karatasi ya gasketi huuzwa kwa vipande. Tafuta yenye unene sawa na ya zamani, mara nyingi nusu milimita. Paka uso wa kifuniko mafuta kidogo, kigandamize juu ya karatasi, alama yake itabaki. Toboa matundu ya bolti kwanza kwa kibomba cha chuma kilichonolewa, ndipo ukate kingo kwa mkasi. Ukianza na kingo, karatasi itahama na matundu hayatalingana. Unene si jambo la kupuuza, kwa sababu ndio unaopanga nafasi ya shafti ya kiki na ya kisukumio cha klachi. Karatasi nene mno, au gasketi mbili zilizobebana, zitakuachia klachi isiyoachia vizuri. Katoni ya biskuti ni ya kukufikisha nyumbani kutoka Kibombo, basi.

Sili ya kiki, kwa kuwa kifuniko kimeshatoka, ing'oe kwa bisibisi kikiwa mezani, si kwenye injini. Mpya iingie kwa kugongwa sawasawa kwa soketi yenye upana wake, springi yake ndogo ikitazama ndani ya injini. Midomo yake ipake grisi. Kisha fanya jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi: viringisha kipande cha mfuko wa plastiki kwenye meno ya shafti ya kiki kabla ya kurudisha kifuniko. Meno yale ni makali, hukata mdomo wa sili mpya ikiwa ndiyo kwanza inapita, na utavujisha mafuta siku hiyohiyo ukadhani umeuziwa sili mbovu. Kifuniko kikishakaa, chomoa plastiki.

Kufunga sasa. Vijibomba viwili mahali pake, washa kwenye shafti, beringi katikati ya klachi. Gasketi iwekwe kavu, au ipakwe grisi nyembamba upande mmoja ili isihame. Silikoni ina mahali pamoja panapokubalika: pale mshono wa nusu mbili za kasha unapokutana na uso wa kifuniko, nukta ndogo kama punje ya mchele, ikapanguswa kwa kidole. Kifuniko kisukume kwa viganja, ukizungusha mkono wa klachi kidogo kidogo mpaka kisukumio kikae. Kinapaswa kufika mpaka kigusane na gasketi kwa nguvu ya viganja tu. Kikisimama milimita 5 kabla, kuna kitu hakijalengana, kitoe uangalie. Anayekivuta kwa bolti anakivunja.

Bolti zote ziingie kwa vidole kwanza. Kisha zikaze kwa kuvukana, raundi tatu: kwanza zigusane, halafu nusu, halafu za mwisho. Bolti hizi nyembamba za milimita 6 zinataka karibu Newton-mita 10. Hakuna wengi mjini wenye spana ya kupimia, kwa hiyo tumia hesabu: bidoni la lita 10 lililojaa maji lina uzito wa karibu kilo 10, na uzito huo ukivuta spana kwa umbali wa sentimita 10 kutoka kwenye bolti ndio hizo Newton-mita 10. Linyanyue bidoni kwa mkono mmoja uonje nguvu yake, halafu vuta spana fupi kwa nguvu hiyo, si zaidi. Ukichukua mkono wa soketi wenye urefu wa sentimita 25 na kuvuta kwa nguvu ileile, umefika mara mbili na nusu ya kinachotakiwa, na nyuzi za alumini zinaanza kufumuka. Utalijua hilo kwa mkono: bolti inakaza, inakaza, halafu inalainika. Ikilainika, simama hapo hapo. Jaribu bolti ndefu kidogo kama tundu lina kina kilichobaki. Kama halina, mpelekee fundi wa kukata nyuzi aweke springi ya nyuzi au apanue kwa bolti kubwa zaidi. Usiijaze silikoni tunduni na kuondoka. Mafuta yatapita kwenye nyuzi, na fundi atakayefuata ataipata hasara yako.

Mafuta mapya yawe ya pikipiki, yenye maandishi JASO MA au MA2 kwenye chupa. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye mafuta yaleyale ya injini, na mafuta ya gari yenye dawa ya kupunguza msuguano hufanya diski ziteleze. Injini nyingi za 100 hadi 150 huchukua lita moja hivi. Soma kitabu, jaza pungufu kidogo, washa dakika tatu, zima, subiri yashuke, halafu pima pikipiki ikiwa imesimama wima. Waya wa klachi urudishe wenye nafasi ya milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono wa klachi wa usukani kabla haujaanza kuvuta. Bila nafasi hiyo klachi itateleza, ukadhani umeharibu kitu ndani.

Zunguka kidogo, rudi, egesha usiku kucha juu ya katoni kavu. Tone moja asubuhi yake ni la mafuta yaliyobaki kwenye kona. Tazama tena siku ya pili. Katoni ikionyesha mstari mzima, rudi kwenye poda na uone njia inaanzia wapi, usianze kukaza bolti kwa hasira. Baada ya siku mbili za kazi, gusa bolti zote kwa spana fupi, injini ikiwa baridi. Zinazozunguka kidogo ziache zizunguke hadi nguvu ya bidoni, basi.

Mafuta ya zamani yasiende mtaroni. Mitaro ya Kasuku na Mikelenge inaishia Lualaba, na maji ya mto huo tunayateka na kuyanywa. Yatie kwenye chupa yenye kifuniko, uiandike. Wanaojenga huyahitaji kupaka miti dhidi ya mchwa.

Siku utakayopata gasketi sahihi dukani, nunua mbili. Ya pili usiikunje chini ya kiti cha pikipiki, maana itavuja pale ilipokunjika. Ilaze kati ya vipande viwili vya katoni, uifunge kwa uzi, uandike juu yake jina la pikipiki na idadi ya bolti, uiweke ndani mahali pakavu.